Sabuni Tumboni

Sehemu ya Saba

Simu haikukatika! Wewe ulidhani imekatika, na Bi Joto naye alidhani hivyo, maana mama yake alisema tu, "Mwanangu, huyu mtoto..." kikafuata kishindo, kisha kimya. Kumbe bibi wa watu kaiangusha simu chini ya kochi, na si kazi rahisi kuinama ukiwa na mjukuu begani.

"Mama! Niambie, mtoto amefanyaje?"

"Nipo, nipo. Ngoja nikae." Bibi alikuwa anahema. "Tumbo, mwanangu. Limekaza kama ngoma. Tangu juzi hajapata choo. Jana kalia kutwa, leo hata kulia kachoka. Anaguna tu."

Hapo Bi Joto akaingiwa na hofu ya kweli. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Mtoto anayeguna ni habari nyingine.

Kama umetudandia njiani leo, shika haya tu. Mtoto huyo ni njiti, kazaliwa miezi haijatimia, karuhusiwa juzijuzi kwenda kwa bibi yake. Mama mzazi ni mdogo wake Bi Joto, bado kalazwa baada ya kupasuliwa, na dawa anazotumia hazimruhusu kunyonyesha. Bi Joto mwenyewe ni mkemia katika kiwanda cha maziwa ya watoto. Jina hilo walimpa wenzake kazini, kwa kuwa hapiti kwenye mtambo bila kuuliza joto lake. Walimtania kwamba hata nyumbani mumewe hapewi chai mpaka ipimwe.

"Anakunywa maziwa gani, mama?"

"Si hayo yenu? Ya kopo jeupe lisilo na maandishi. Mkwe wangu, meneja wenu, ndiye kaleta. Kasema umeyapitisha wewe mwenyewe, ndiyo maana sikuuliza mara mbili."

Bi Joto hakuyapitisha. Makopo meupe yalikuwa yamefungiwa stoo yakisubiri kipimo cha mwisho, na kipimo hicho hakikuwa kimefanyika, kwa sababu mpimaji mwenyewe alikuwa kando ya kitanda cha mdogo wake hospitalini juma zima. Leo ndiyo kwanza amerudi kazini. Hata vifungo vya koti lake jeupe hajavifunga.

"Mama, nisikilize. Usimpe tena maziwa hayo, hata tone. Mpeleke hospitali sasa hivi, palepale alipolazwa mama yake. Waambie hajapata choo na tumbo limekaza."

"Jirani ana gari, nitamgongea. Lakini mwanangu, yana nini hayo maziwa?"

"Sijui bado. Nenda, mama."

Alijua nusu. Nusu ile ilitosha kumfanya aiache simu mezani, airudie, kisha atoke mbio.

Msaidizi wake wa maabara, mwanamume wa makamo waliyemwita Haraka kwa sababu hajawahi kuwa nayo, alikuwa anaosha chupa moja tangu asubuhi. Alipomwona Bi Joto usoni, chupa ikamponyoka.

"Umeyapima mafuta ya makopo meupe?"

"Nimeyapima, dada. Mashine inasema sawa. Yote yamo, kila aina kwa kiasi chake. Ona mwenyewe."

Aliona. Milima yote ya mchoro, kila mmoja na aina yake ya mafuta, ilikuwa imesimama kwenye kioo cha mashine, mirefu mahali pa mirefu, mifupi mahali pa mifupi. Ungeapa kwamba ni maziwa ya mama mzazi. Na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Inabidi nikueleze jambo, msomaji, na nitalieleza upesi maana njiti yuko njiani. Kila chembe ya mafuta ni benchi la watu watatu, yaani asidi tatu za mafuta. Kwenye maziwa ya mama, yule mzito kuliko wote, ambaye kiwandani walimwita Mzee, hukaa katikati. Kwenye mafuta mengi ya mimea hukaa pembeni. Tumbo la mtoto huwabandua wa pembeni kwanza. Mzee akiwa katikati, anabaki kwenye benchi lake na kuingia mwilini kwa amani. Akiwa pembeni anabanduliwa, anazurura tumboni peke yake, anakutana na kalsiamu. Wakikutana hao wawili, wanafanya nini? Utasikia.

Kiwanda kile kilianza na mafuta ya mawese yaliyochujwa mpaka karibu kila benchi likawa na wazee watupu. Mafuta hayo yalipitishwa kwenye mnara wa chuma uliojazwa chembechembe za kimeng'enya, pamoja na mafuta mepesi ya alizeti. Kimeng'enya kile kilikuwa na adabu zake. Kilitoa wazee wa pembeni, kikaweka wepesi, na yule wa katikati hakikumgusa. Sharti lilikuwa moja tu, joto la kiasi. Ukizidisha, waliokaa kwenye benchi wanaanza kuhama nafasi wenyewe, Mzee anajikuta pembeni, na mashine ya Haraka haina habari. Mashine ile inahesabu watu. Haiulizi nani kakaa wapi.

Bi Joto akashuka ngazi mbilimbili hadi chumba cha mnara. Bomba la kutolea mafuta huwa unaweza kulishika na kuvumilia. Yeye hulishika kila siku, ndivyo anavyousalimu mtambo. Leo aliliwekea kiganja, akaruka nyuma akipiga ukelele.

"Nani amepandisha joto?"

Haraka, aliyekuwa amemfuata, akatazama viatu vyake.

"Mimi, dada. Kabla makopo meupe hayajajazwa."

"Wewe? Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, wewe?"

"Meneja alisema umeruhusu! Alisema ameongea na wewe hospitalini, kwamba mnara unakwenda polepole na watoto wanasubiri. Ningemkatalia vipi? Wewe ni shemeji yake. Nikajua mmeelewana nyumbani."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake! Kwa bibi alisema, "Bi Joto kayapitisha." Kwa Haraka alisema, "Bi Joto karuhusu." Watu wa kiwanda kile wasingemwamini meneja katika mambo ya mnara, lakini kwa jina la Bi Joto wangeruka hata moto.

"Shemeji! Umerudi bila kupiga hodi!"

Meneja alikuwa mlangoni, tai imelegea, anatabasamu. Alikuwa mume wa mdogo wake, baba wa yule njiti. Kabla ya hapo aliendesha kiwanda cha sabuni, na alikiendesha vizuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" akauliza.

"Umepandisha joto la mnara."

"Aah, kidogo tu. Ulikuwa unatambaa ule mnara, shemeji. Mimi kwenye sabuni nilikuwa nikiona kazi imelala, naongeza moto. Mafuta ni mafuta."

"Sabuni haina katikati!"

"Haina nini?"

"Kwenye sabuni unayavunja mafuta yote, kwa hiyo hakuna anayejali nani alikaa wapi. Hapa kukaa ndiyo kazi yenyewe! Mzee akitoka katikati, anabanduka tumboni mwa mtoto, anashikana na kalsiamu. Wewe mtu wa sabuni, niambie. Asidi ya mafuta ikishikana na kalsiamu, unapata nini?"

Meneja alifungua mdomo kujibu, maana swali hilo alilijua tangu ujana wake. Badala yake akautazama mnara.

"Sema, shemeji."

"Sabuni," akasema taratibu. "Ile ngumu, isiyoyeyuka."

"Sasa hiyo unaipika tumboni mwa mwanao. Hajapata choo tangu juzi. Mama anampeleka hospitali sasa hivi."

Tabasamu likaondoka usoni mwa Meneja. Aliushika mlango kwa mikono yote miwili.

"Mbona mama hajaniambia mimi?"

"Ungemwambia nimeruhusu na hilo nalo?"

Neno lilikuwa kali, na Bi Joto alijua ni kali, na hakulijutia. Bado. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na hicho hakuwa amemwambia mtu. Maziwa yale yalitengenezwa mahususi kwa njiti, ambao mifupa yao inahitaji madini mengi. Nani aliyeongeza kalsiamu kuliko maziwa mengine? Ni yeye! Aliongeza kwa kujiamini, akisema mafuta yetu hayagombani na kalsiamu. Mtoto aliyetimiza miezi, kwa mafuta kama hayo, angehangaika na choo kigumu yakaisha. Njiti, kwa kalsiamu ile, utumbo wake mwembamba unaweza kuziba kabisa.

"Simamisha lori la maziwa hayo," akasema. "Lisitoke."

"Mashine imesema mafuta ni sawa."

"Shemeji!"

"Nionyeshe!" Meneja alikuwa amepaza sauti, sijui kwa hasira au kwa hofu, na naona hata yeye hakujua. "Nimewaahidi wale madaktari wa wodi ya watoto. Nikiwaambia leo kwamba ni sumu, kesho ukagundua umekosea, hakuna atakayetufungulia mlango tena. Nionyeshe kwamba Mzee ametoka katikati, nitalisimamisha kwa mwili wangu."

"Na hakuna kopo lililotoka nje ya geti zaidi ya yale ya mwanao?"

"Lori lile pale. Si unaliona?"

Aliliona kupitia dirishani, limeshapakiwa, dereva anafuta kioo. Akaridhika. Kumbuka hilo, msomaji, kwamba aliridhika.

Walipanda maabara wote watatu. Bi Joto akatenganisha mafuta kidogo kutoka kwenye maziwa ya kopo jeupe, akayatia kwenye kichupa, akaongeza kimeng'enya cha kongosho. Hiki ndicho kilekile kinachofanya kazi matumboni mwetu, kinabandua wa pembeni na kumwacha wa katikati. Ukishabandua, unampima aliyebaki. Mzee akiwa ndiye mwingi kati ya waliobaki, mko salama.

Kichupa kikawekwa kwenye kitikisio. Kikatikisika.

"Nilitaka mwanangu apate kama ya mama yake," Meneja akasema ghafla, bila kuulizwa. "Mke wangu alilia, shemeji. Siyo kidonda kilichomliza. Alilia kwa sababu matiti yamejaa na daktari kamkataza. Nikamwambia, tulia, mimi nina kiwanda kizima kinachotengeneza kitu hichohicho. Nitakileta. Sasa wewe ulikuwa unataka juma jingine. Juma jingine angekunywa nini?"

"Angekunywa ya kopo la kawaida, kama watoto wengi wanavyokunywa, na angekua."

"Wewe hukumwona alivyolia."

"Nilikuwa nimemshika mkono! Nani alikuwa pale kama si mimi?"

Haraka alikohoa. Maskini, alitamani sakafu ipasuke immeze. "Dada, tayari."

Safari hii Haraka alifanana na jina lake. Aliyatenganisha mafuta, akayaingiza kwenye mashine, na wote wakasogea kwenye kioo. Mstari ukaanza kutembea. Mlima wa kwanza, mdogo, wa wale wepesi. Wa pili, mkubwa. Mkubwa mno. Halafu ukafika mahali pa Mzee, mahali ambapo mlima ulitakiwa kupanda mpaka juu.

Ukapanda kidogo, ukashuka.

"Rudia," Meneja akasema.

"Hakuna cha kurudia, shemeji. Katikati wamekaa wengine. Mzee yuko pembeni."

Meneja hakubisha tena. Alitoka mbio, akashuka ngazi akiwa ameshika tai yake mkononi, akasimama mbele ya lori akiwa amenyoosha mikono. Dereva alipiga breki akatukana, kisha akagundua amemtukana nani, akaanza kuomba radhi. Meneja hakumsikia. "Shusha! Shusha yote! Hakuna kopo linalotoka!" Bi Joto aliyaona hayo kutoka dirishani. Kwa kitambo kidogo alimpenda shemeji yake kama zamani.

"Twende hospitali," Meneja akamwambia Bi Joto alipofika chini. "Nitaendesha mimi."

Njia ilikuwa imeziba magari. Meneja alipiga honi isiyosaidia kitu. Bi Joto aliipiga namba ya mama yake mara mbili bila kupokelewa, akaiweka simu mapajani, spika ikiwa imewashwa. Ya tatu ikapokelewa.

"Mwanangu! Mungu mkubwa!" Sauti ya bibi ilikuwa na uhai. "Wamemtia dawa kwa nyuma. Choo kimetoka. Vidonge vyeupe, vigumu kama vikokoto, sijawahi kuona. Tumbo limelegea. Daktari anasema tungechelewa kidogo wangempasua. Sasa anataka kula, ananyonya vidole!"

Meneja alilaza paji la uso kwenye usukani akalia. Wa nyuma wakampigia honi. Bi Joto naye machozi yalimtoka, akamshika bega, na ule ukali wote wa chumba cha mnara ukamwondoka.

"Ahsante, mama. Wampe maziwa ya kawaida, sawa? Lile kopo letu umeliacha nyumbani?"

"Nimeliacha. Nimewaambia huenda limeharibika kwa joto la jikoni. Wala usihangaike. Muuguzi kasema wanayo mapya, bado yana muhuri. Mkwe wangu kawaletea asubuhi kwa gari lake mwenyewe, boksi nne. Kopo jeupe lilelile. Wodi nzima wameanza nayo leo. Huyu hapa anakuja na chupa."

Mkono wa Bi Joto ukaganda begani mwa shemeji yake.

"Mama," Meneja akasema, akiinama juu ya simu, haraka, kabla Bi Joto hajapata sauti. "Mama, ni mimi. Mtoto wetu asipewe hayo. Umenisikia? Wetu asipewe. Sema tumbo bado halijatulia."

"Haya, baba. Wetu asipewe. Na hawa wengine?"

Meneja akaichukua simu mapajani mwa shemeji yake, akaikata, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Umefanya nini?" Bi Joto hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Tunafika sasa hivi. Nitaingia mwenyewe, nitayachukua maboksi, nitasema kuna kosa kwenye muhuri. Hakuna atakayejua. Hakuna atakayeumia."

"Tunafika? Hatusogei! Wanapewa sasa hivi, shemeji, vitanda vyote! Nipe simu!"

"Nikisema kwa simu, kiwanda kimekufa leo hii. Haraka hana kazi. Wewe huna kazi. Jina lako ndilo lililo kwenye kila kitu, unaelewa? Watasema wewe ndiye uliyeyapitisha!"

"Na wewe ndiye uliyewaambia hivyo!"

Alimrukia koti. Meneja akaukinga mfuko kwa kiwiko, mguu ukamteleza kwenye breki, gari likachomoka, likagusa tairi kwenye ukingo wa barabara, likazimika. Wakabaki wanahema, uso kwa uso, watu wawili ambao mwaka jana walicheza pamoja harusini mpaka viatu vikakatika.

Ndipo simu ikalia. Haikuwa ya mfukoni. Ilikuwa ya Meneja, pale mbele kwenye kishikio chake, ikajipokea yenyewe, na sauti ikajaa ndani ya gari lote kama ilivyotegeshwa.

"Mume wangu?"

Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa inacheka. Bi Joto hakuwa ameisikia ikicheka tangu siku ya upasuaji.

"Nimesimama leo! Nimeshuka wodi ya watoto kwa miguu yangu, nimeshika ukuta tu. Nimemwona mwanetu, ananyonya vidole. Mama ananiambia eti umesema asipewe maziwa. Sikuelewa, nikasema nikuulize mwenyewe." Kitu kidogo kikaguna karibu na simu. "Unamsikia? Huyu si wetu. Mama yake yuko kwenye chumba cha upasuaji, muuguzi ana mikono miwili tu, kaniomba nimlishe. Nimempakata. Ni mdogo kuliko wetu, mume wangu, mkono wake hauzidi kidole changu. Chupa ninayo hapa, ya maziwa yenu. Nimefurahi, sijui nikuambieje. Nimemshika mtoto, hatimaye nalisha."

Bi Joto akavuta pumzi apige kelele. Meneja akainua kiganja.

"Niache," akanong'ona. "Ni mke wangu. Nitamwambia mimi."

Bi Joto akamtazama machoni. Akampa pumzi moja. Moja tu.

"Mume wangu? Mbona kimya? Nakuuliza, huyu naye asipewe?"

Meneja alifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Haloo? Sema basi. Mtoto ameshaachama."